Rudisheni Kwanza, Ndipo Muongeze: Kwa Wadogo Zangu Wenye Magari ya Mbio Mwanza

Wadogo zangu mliopata Impreza, Altezza na Chaser zenu za kwanza, naandika kwa sababu nimechoka kuona magari mazuri yakivutwa kwa kamba kwenda gereji za Nyakato kwa makosa yaleyale yaliyoyaua magari ya kaka zenu. Sina ugomvi na kujitengenezea, kwa kuwa anayeifungua injini kwa mikono yake huijua vizuri kuliko anayesubiri nje ya gereji. Ninachokataa ni mpangilio wenu. Mnaanza na eksozi na turbo, kisha mnaukumbuka mkanda wa taiming siku umekatika. Gari lililotoka Japani likiwa na umri wa miaka ishirini linahitaji kwanza kurudishwa katika hali iliyokusudiwa na kiwanda.

1. Mkanda wa taiming. Huu ndio unaoziendesha vali zikienda sambamba na pistoni. Kwenye EJ20, injini ya Subaru kama Impreza zenu, ukikatika vali hukutana na pistoni, kwa hiyo kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa, wala usizitegemee kilomita za dashibodi.

2. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi, na uziweke juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, si kwenye changarawe za mteremko wa Bugando.

3. Presha ya turbo. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mnapoumia zaidi. Ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa tunayoivuta hapa ni kama kilopaskali 88, wakati Dar es Salaam ni karibu 101, na ndiyo sababu injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake ikifika huku. Yenye turbo hujitetea, lakini kwa gharama: ili ifikishe hewa ileile ndani ya silinda, lazima turbo ikandamize zaidi, na hewa iliyokandamizwa zaidi hutoka ikiwa na joto zaidi. Kumbukeni pia kwamba intakula ya Impreza, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, imelala juu ya injini yenyewe, kwa hiyo ukikaa kwenye foleni ya Buzuruga saa nane mchana, huchemka pamoja nayo.

Kijana mmoja tunayekutana naye mara kwa mara alirudi na Impreza yake kutoka Dar es Salaam akalalamika kwamba imekuwa nzito. Haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inavuta hewa hafifu. Tulimwambia. Alitusikiliza kwa heshima zote, kisha akafunga vali ya mkono ya kupandisha presha, ile inayoiondolea kompyuta ya injini mamlaka juu ya turbo. Gari likachangamka kwelikweli, nami sishangai kwamba alifurahi. Tatizo likaja pale kompyuta ilipoona presha imepita kiwango ikawa inakata mafuta, kama ilivyoundwa ifanye. Badala ya kuelewa kwamba analindwa, alitafuta kifaa cha kuidanganya sensa ili presha ionekane ndogo. Mlinzi akawa ameondolewa langoni, na petroli ni ileile ya pampu zetu, wakati injini hizi zilipangiwa petroli ya Japani ya kiwango cha juu, ambayo kwa kawaida hufika oktani 100 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili mkandamizo bila kulipuka yenyewe).

Wiki chache baadaye, kwenye barabara ya Usagara, akiwa gia ya nne na mguu umekanyaga mpaka mwisho, alianza kusikia mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Ule ni mchanganyiko wa hewa na mafuta unaolipuka wenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio kuanzia kwenye plagi. Aliongeza sauti ya redio. Alipofika nyumbani eksozi ilikuwa inatoa moshi wa bluu, na tulipopima kompresheni silinda tatu zilikuwa nzima na moja haina kitu: ukuta mwembamba unaoishikilia ringi kwenye pistoni ulikuwa umevunjika. Injini nzima ilishushwa kwa sababu ya vali inayoenea kiganjani. Kijana yule ana mikono mizuri kuliko wengi wetu, na hilo ndilo lililoniuma, kwa maana angeanza kwa kukagua mipira ya hewa inayovuja, plagi, filta ya petroli na pampu yake, angerudishiwa sehemu kubwa ya nguvu alizozitafuta. Kinachobaki baada ya hapo ni kazi ya mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta, anayeipanga kompyuta upya gari likiwa hapahapa Mwanza.

4. Rejeta. Huku maji matupu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo tumieni kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa sawasawa, mfuniko uwe mzima, na mtoe hewa yote, kwani mapovu ndani ya injini ya Subaru huchoma gasketi. Maji ya ziwani ni ya kuoshea rimu.

5. Filta ya hewa iliyo wazi hulia vizuri, lakini vumbi la barabara za Buhongwa husaga turbo. Bakini na boksi la kiwanda.

6. Msikate springi kwa grainda. Gari lililoshushwa hivyo hugonga kila tuta kuanzia Igoma hadi mjini, na shokapu hufa kabla ya tairi.

7. Breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa: DOT 4 mpya huvumilia angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 155. Yabadilisheni kila baada ya miaka miwili, toeni hewa kwa magurudumu yote, na msiweke DOT 5, kwa sababu hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na nyingine. Pedali ikiwa laini baada ya kazi, gari lisitoke getini, hata kama rafiki zako wanakusubiri Capri Point.