Nyumba Huonekana Upesi, Mwenyewe Ndiye Hutafutwa

Mhariri, salaam aleikum. Swali lenu la wiki lilikuwa: inachukua muda gani mtu kupata nyumba ya kununua inayomfaa? Nitajibu kwa Mombasa tu, maana mambo ya Nairobi nayasikia kwa watu. Hapa kwetu naona mmeuliza mawili kwa pamoja. Kuna muda wa kuipata nyumba, na kuna muda wa kumpata mwenye haki ya kuiuza. Wa kwanza ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Wa pili ndio unaokula mwaka.

Nayajua haya kwa sababu tangu mwaka jana mimi ndiye miguu ya mdogo wangu. Yeye yuko Muscat, na kama vijana wengi wa Mombasa walioko Ghuba, anataka awe na pa kurudia kabla hajazeeka kwenye nyumba za tajiri. Pesa ni zake, kutembea ni kwangu. Namtumia picha ya sebule, anaipenda, anataka nilipe arubuni kesho yake. Halafu wiki mbili baadaye ananisikia nikimzungumzia marehemu ambaye sisi sote hatukupata kumjua, na hapo ndipo tunapogombana.

Kuona nyumba hakuna kazi. Mwambie dalali mmoja pale Mwembe Tayari kuwa unatafuta, na kabla ya alasiri wa Kisauni na wa Likoni wameshapata habari. Utatoa hela ya kuonyeshwa, utatoa nauli, utatoa ya soda. Utaonyeshwa nyumba ile ile na madalali watatu kwa bei tatu. Na kila mmoja atakwambia kuna mteja wa Nairobi anakuja na pesa kesho. Huyo mteja wa Nairobi nimemsikia Tudor, nimemsikia Bamburi, nimemsikia mpaka Mikindani. Namuombea Mungu naye apate nyumba apumzike.

Kuchuja nako si kazi ya miezi, ukijua unachokitaka. Mimi hufungua mfereji kabla sijatazama dari. Maji ya mji huu yanatoka mbali, Baricho, Mzima, Marere, na kuna mitaa ambayo mfereji hukaa mkavu mpaka watu wakasahau upande wa kuufungulia. Hapo unanunua nyumba pamoja na mikokoteni ya mitungi, au kisima cha maji ya chumvi ambacho hakitakupikia chai. Muulize jirani, usimuulize muuzaji. Nyumba ya Likoni itakupendeza kwa bei, lakini kama kazi yako iko kisiwani, hesabu feri kila asubuhi na kila jioni, kisha ndiyo useme ni rahisi. Na kama una subira, iangalie nyumba mara moja wakati wa masika. Kiangazi kila uwanja ni mzuri.

Basi tuseme umeipata. Ina hewa, ina maji, msikiti uko karibu, bei inafikika. Hapa ndipo saa inapoanza kuhesabu, na swali ninalouliza mimi ni moja: inauzwa na ardhi au bila ardhi?

Msomaji wa bara atashangaa, lakini wa Majengo, Kisauni, Changamwe au Likoni hashangai. Huku pwani mtu anaweza kuwa na nyumba iliyo yake kabisa, kuta zake, bati lake, milango yake, na udongo ulio chini yake ukawa wa mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba hizo huuzwa, hurithiwa, hupangishwa chumba chumba, na watu wamezaliwa na kuzikwa kutoka humo. Mizizi ya jambo hili ni mirefu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Kila mwenye dai aliambiwa alilete lisajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waliojua makaratasi walipata hati. Wengi waliokuwa wakiishi na kulima bila karatasi wakajikuta wako juu ya ardhi ya mtu au ya serikali.

Sizisemi vibaya nyumba hizi. Ni mabibi wangapi wa mji huu wamesomesha watoto kwa kodi ya vyumba vya nyumba isiyo na ardhi! Lakini zina mambo yake. Hupati hatimiliki. Benki haikukopeshi juu yake. Ukitaka kuongeza ghorofa au kuuza, lazima mwenye ardhi aridhike, na mwenye ardhi akiuza kwa mtu mwingine, huyo mpya unaanza naye moja. Tena dalali hakwambii. Atakwambia "nyumba ina karatasi zote", na kweli karatasi zipo: ni mkataba wa kununua kuta na risiti za kodi ya ardhi. Kwa mtu anayeishi hapa, anayemjua mwenye ardhi na ukoo wake, huenda ikamfaa. Kwa aliye Muscat anayetaka kustaafu bila kugombana na mtu, mimi nasema hapana, na tumeziacha nzuri kadhaa kwa sababu hiyo tu.

Sasa njoo kwenye zile zilizo na hati. Sachi, yaani upekuzi wa kumbukumbu za ofisi ya ardhi, itakuonyesha jina lililo kwenye rejista, na kama kuna benki inayodai au mtu aliyeweka zuio. Mara ngapi jina hilo ni la mtu aliyekwisha kufa! Mji wetu ni wa zamani na watu wake hawakimbilii ofisini kubadilisha majina. Babu alijenga, babu akafa, watoto wakakaa, watoto wakafa, sasa wanauza wajukuu. Aliyekuja na funguo ni mmoja wao, na huenda anasema kweli kwamba yeye ni mrithi. Lakini ni mrithi wa fungu, si wa nyumba.

Kwa Waislamu mirathi hii huenda mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010 imeipa mamlaka juu ya mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele yake. Kadhi huamua warithi ni nani na kila mmoja ana kiasi gani. Mjane mwenye watoto anapata sehemu moja kwa nane, na kinachobaki kinagawanywa, mtoto wa kiume mafungu mawili kwa kila fungu moja la wa kike. Hapo ni kifo kimoja. Vikija vifo vitatu kabla ya mtu kwenda mahakamani, mafungu hukatwa ndani ya mafungu, na unaweza kukuta shangazi wa Lamu ana haki ndogo kuliko mlango wa choo, na bila yeye hakuna kinachouzwa. Mmoja yuko Jeddah, mwingine Toronto, mwingine hasemezani na nduguze tangu arusi ya mwaka juzi. Aliye ng'ambo lazima atoe hati ya uwakala iliyoshuhudiwa kihalali, kwa kawaida kupitia ubalozi. Baada ya hapo ndipo rejista inabadilishwa kutoka jina la marehemu, na baada ya hapo ndipo mauzo yenyewe yanaanza.

Ushauri wangu ni huu: usimlipe mrithi mmoja arubuni akusanye wenzake. Hata akilia. Pesa ikishaingia, hamu ya kukusanya wenzake huisha.

Na kuna za wakfu. Mtu aliitoa nyumba kwa ajili ya msikiti, madrasa au kizazi chake, na tangu siku hiyo haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Mji wa Kale ukiona nyumba ya bei ya ajabu, ulizia wakfu kwanza, kwa wazee wa mtaa na kwa Tume ya Wakfu ambayo ofisi yake iko hapa hapa Mombasa. Tena Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Hubomoi wala hubadilishi roshani kwa kupenda kwako, na anayenunua ili ajenge ghorofa tano amepotea njia.

Nikifika kwenye makaratasi ya kununua, nitapita haraka, maana hapo muda unajulikana. Mikataba mingi hutaka amana ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha. Mnunuzi analipa ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani, baada ya mthamini wa serikali kutoa thamani yake. Muuzaji alete cheti kwamba hadaiwi kodi za kaunti, na kama ni nyumba ya ndoa, idhini ya mwenzake. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, nayo ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, kwa hivyo usishangae akijaribu kukutwisha ndani ya bei. Kwa fleti, ulizia kama jengo limeshatolewa hati za kila nyumba chini ya sheria ya 2020 ya kumiliki sehemu ya jengo. Bila hivyo unanunua mahali kwenye foleni.

Mdogo wangu hataki riba, kwa hivyo tulikwenda benki ya Kiislamu kuuliza murabaha, yaani benki inunue nyumba kisha ikuuzie kwa faida mliyokubaliana. Kuna watu wanaolalamika kwamba benki zinachelewesha. Mimi nilifurahi. Mthamini wao na wakili wao waliikataa nyumba moja ya Kisauni ndani ya siku chache, nyumba ambayo mimi peke yangu ningeizungukia mwezi mzima, nikinywa kahawa na watu wasiotaka kunijibu.

Kwa hivyo mkinibana niseme muda: nyumba ya hati safi, yenye mwenyewe aliye hai na mmoja, miezi minne au mitano kutoka kuiona mpaka kuisajili. Nyumba ya mirathi, mwaka, na ukipata chini ya hapo uwashukuru warithi. Tuliyo nayo mkononi sasa iko Tudor, ya mirathi, na tumeshapita mwaka. Uamuzi wa Kadhi upo, shangazi wa Lamu ametia sahihi, wa Jeddah naye ameleta hati yake. Aliyebaki ni yule wa Toronto, anayesema hatasaini mpaka aambiwe bei ya kweli. Bei ya kweli ameshaambiwa na wakili, kwa maandishi. Lakini dalali alimtangulia kwa simu akamtajia nyingine, kubwa zaidi, na hiyo ndiyo anayoiamini.