Usiniulize Steringi Nani

Ukimpa mtu wa Dar muvi asiyoijua, swali la kwanza ni "steringi nani?", yaani nani mhusika mkuu, na la pili ni "ya kupigana?" Nikijibu kwamba steringi ni mzee wa Dakar mwenye wake wawili na asiye na kazi, flashi inarudi mkononi mwangu hapohapo. Siwalaumu. Wengi wetu tumekulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, Lufufu anatutafsiria, na tulichotoka nacho mle ni kwamba steringi hafi, adui anakufa mwishoni, na muvi isiyo na sura maarufu kwenye kava ni ya kujazia nafasi.

Siku hizi nachagua kwa njia nyingine. Siulizi steringi wala aina ya muvi, nauliza ina shida gani ndani yake. Nikiambiwa inahusu mirathi, mshahara usiolipwa, kuhangaikia kitambulisho au mji uliokosa petroli, najua nitakaa mpaka mwisho hata kama wanaongea lugha nisiyoijua. Shida ukishaijua, maandishi ya chini hayakuchoshi. Mimi si mtaalamu wa filamu, nauza vifaa vya umeme Kariakoo, kwa hiyo yapokee haya kama maneno ya mtazamaji mwenzako.

Ningeambiwa nikupe moja tu, ningekupa Mandabi ya Ousmane Sembène, Senegal, 1968. Ibrahima Dieng hana kazi, watoto kibao, madeni dukani. Mpwa wake anayefagia barabara Paris anamtumia hawala ya posta ya faranga 25,000. Katika hizo, zake ni 2,000 tu. 3,000 ni za mama wa kijana, zilizobaki amtunzie. Anakwenda posta, posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Cheti kinataka tarehe ya kuzaliwa, na mzee tarehe haijui, ana mwaka wa kukadiria tu. Wakati huo nyumbani wake zake wameshachukua mchele kwa mkopo, na majirani wameshasikia kuwa kwa Dieng kumeingia hela. Wanakuja mmoja mmoja, kwa adabu, kila mtu na tatizo lake.

Angalia mwanzo wake kwa makini. Kinyozi anamnyoa Ibrahima kipara hadharani, kisha anaingiza wembe puani na kuondoa vinyweleo, taratibu, mzee katulia tuli na kajiachia. Hajasema neno lakini umeshamjua: anajipenda, anapenda kuhudumiwa, na hela ya kinyozi ni ya kuungaunga. Baadaye akipita mtaani na kanzu lake pana, linamteleza begani naye analirudisha, na unaanza kumwonea huruma bila kujua ilianzia wapi. Niliiangalia na mjomba wangu aliyestaafu bandarini. Nusu ya kwanza alicheka kwa sauti. Ya pili alikuwa anauliza tu, "Hivi na huyu naye atamla?" Alikuwa anamsema fundi picha. Sitakujibu.

Hiyo ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Sembène kuchezwa kwa Kiwolofu, lugha ya watu wake, na nadhani ndiyo maana maongezi yake yana uhai hivyo. Tafuta nakala iliyosafishwa upya, picha zake zina rangi safi kabisa.

Neria ya Zimbabwe, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengine wameshaisikia kwa sababu ya wimbo wa Oliver Mtukudzi. Muvi yenyewe wengi hawajaiona. Mume anafariki ghafla, halafu shemeji mtu, Phineas, anaanza kukusanya: gari, kitabu cha benki, vyombo, mpaka watoto, na kila anachobeba anasema ni mila. Sehemu kubwa wanaongea Kiingereza chepesi, na Mtukudzi mwenyewe anacheza kaka yake Neria. Uigizaji una sehemu za kushika kalamu na karatasi, kila mtu anasema anachofikiri kwa sentensi iliyonyooka mno. Sikujali. Nyumbani kwa mama mdogo Mbagala, Phineas alipoanza kuhamisha vitu, mama mdogo alisimama, akaizima TV, akaanza kutusimulia ya jirani yake wa zamani kule Tandika. Tulisubiri hadi akamaliza, tukaletewa chai, ndipo tukaendelea. Muvi inayoweza kusimamishwa hivyo na bado watu wakarudi kukaa haihitaji mhakiki.

Kwa mpenzi wa muvi za kuchekesha ambazo kicheko chake kinamkwama kooni, kuna I Am Not a Witch ya Rungano Nyoni, 2017. Imechezwa Zambia, jirani zetu hapo tu. Msichana mdogo anatuhumiwa uchawi. Shahidi mmoja anaeleza kwa uchungu jinsi alivyokatwa mkono na shoka, kisha inajulikana kuwa ilikuwa ndotoni. Msichana anapelekwa kambi ya wachawi wazee, kila mmoja amefungwa utepe mrefu mweupe mgongoni asipeperuke, na anaambiwa akiukata atageuka mbuzi. Watalii wanakuja na basi kupiga picha. Halafu ofisa mmoja wa serikali anamgeuza mtoto mradi: amtambue mwizi kati ya watuhumiwa waliopangwa mstari. Mtoto hajui lolote, anaazima simu na kuwapigia bibi zake kambini wamshauri mwizi anafananaje. Pale nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikakumbuka vikongwe wa kanda ya ziwa waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, na kicheko kikaisha. Muvi hii ilishinda tuzo ya BAFTA ya Uingereza ya kazi ya kwanza, lakini laibrari za muvi za hapa sijawahi kuikuta rafuni.

Muvi za kutisha zina wateja wengi Dar, ila nyingi tunazoletewa ni za mlango unaojifunga. Jaribu Atlantics ya Mati Diop, 2019. Mafundi wanajenga mnara wa kifahari Dakar, miezi inapita hawalipwi, wanapanda boti usiku kutafuta Hispania. Kinachofuata ni mizimu, lakini mizimu yenye madai halali: inamwendea tajiri usiku kudai mshahara. Ukipita palipo na ghorofa linalojengwa Kijitonyama au Upanga saa kumi na mbili jioni, ukawaona vibarua wamekaa kwenye ukingo wanasubiri msimamizi, utaelewa kwa nini ilinitisha kuliko majumba yote yenye vioo vinavyovunjika. Ilipata tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la Cannes mwaka ule, na ina bahari nyingi, jua linalozama, wasichana wasiosema sana. Asiyependa mwendo wa polepole ajiandae.

Mati Diop ni mtoto wa mdogo wake Djibril Diop Mambéty, na huyo baba mkubwa ndiye mwongozaji ninayemrudia zaidi. Watu wa filamu watakwambia uanze na Touki Bouki yake ya 1973. Usianze nayo. Inafungua kwa ng'ombe kuchinjwa machinjioni, kwa kweli si kwa kuigiza, na hadithi inarukaruka. Anza na La Petite Vendeuse de Soleil, ambayo ilikamilishwa baada ya yeye kufariki mwaka 1998. Ni dakika 45 tu, pungufu ya Mbezi hadi Posta siku ya foleni. Msichana Sili anatembea kwa magongo, anaona wavulana wanauza magazeti mtaani, anaamua naye atauza. Wavulana hawapendi. Basi. Nimewaonyesha watoto wa dada yangu, wa miaka tisa na kumi na mbili, hawajui Kifaransa wala Kiwolofu, hawakuinuka.

Kwa wale wa "ya kupigana" ninazo mbili. Viva Riva! ya Djo Munga, 2010, ni Kinshasa iliyoishiwa mafuta. Jamaa anarudi kutoka Angola na lori la petroli ya wizi, na wenye mali wanamfuata. Ina kasi, ina jasho, ina mji unaoufahamu ingawa hujafika. Ina pia mambo ya chumbani ya wazi kabisa, kwa hiyo usiiweke sebuleni wakwe wakiwepo. Ya pili ni Who Killed Captain Alex? ya Nabwana IGG, kutoka Wakaliga, Kampala, ya 2010 pia. Bajeti inayotajwa haifiki dola 200 za Marekani, helikopta ni za kompyuta na damu inaruka ovyo. Uzuri wake ni VJ Emmie anayepiga soga juu ya muvi nzima, anawasifu wapiganaji, anatania. Nakala isiyo na sauti yake haipo tena. Mtoto wa kibanda umiza utajisikia nyumbani.

Muvi za Kihindi hapa mjini hazihitaji kutangazwa, ila The Lunchbox ya Ritesh Batra, 2013, wengi waliipita kwa sababu hakuna nyimbo za kucheza. Mke wa Mumbai anapika chakula cha mumewe, wasambazaji wanakipeleka kwa mtu mwingine, mhasibu anayekaribia kustaafu, Irrfan Khan. Vikaratasi vinaanza kupita ndani ya hotipoti. Kuna jirani wa ghorofa ya juu ambaye hatumwoni kamwe, tunasikia sauti yake tu ikitoa ushauri wa viungo kupitia dirishani, na kikapu chake kinashuka kwa kamba kikiwa na kilichopungua jikoni. Usiiangalie ukiwa na njaa.

The Man from Earth ya 2007 ni ya watu wa kijiweni: chumba kimoja, walimu wa chuo, mmoja wao anadai ameishi miaka 14,000, wanabishana mpaka usiku. Hakuna kingine kinachotokea na sikutaka kingine. Primer ya 2004, ya mashine ya kurudi nyuma ya wakati, inasifiwa sana kwa kuwa ilitengenezwa kwa dola 7,000 tu. Mimi nilipotea katikati na sikuona sababu ya kurudi. Kati Kati ya Kenya, 2016, ina wazo zuri la watu waliokufa wanaoishi kambini wasijue wanangoja nini, ila wazo linamzidi nguvu mwandishi kabla muvi haijaisha.

Kuzipata ndiyo kazi. Ukienda laibrari ya muvi usitaje jina peke yake, maana utarushiwa nyingine yenye jina hilohilo. Andika jina, mwaka na mwongozaji, umwache kijana atafute, urudi kesho. Kabla ya kulipa, omba aifungue katikati uone kama maandishi ya chini yanaendana na midomo. Mtandaoni, pakua kwa bando la usiku. Alliance Française na Goethe-Institut, zote ziko Upanga, huwa zinaonyesha filamu za namna hii, na ukifuata kurasa zao utaona ratiba. Ukishaipata, weka simu mbali na uipe muvi nusu saa. Nusu saa ikiisha hujali kinachompata mtu yeyote mle ndani, zima, usijione mshamba.

Ya kwetu nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayoleta ugomvi. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto na Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, jambo ambalo kabla ya hapo lilifanyika kwa Maangamizi ya 2001. Wengi wetu tunaijua riwaya ya Shafi Adam Shafi kutoka darasani, na hapo ndipo shida ilipo: wenzangu walikaa wanahesabu kilichoachwa, fulani yuko wapi, mbona hili halimo. Kama kitabu bado ni kibichi kichwani, subiri kwanza kipoe. Muvi inakwenda kwa vivuli, vichochoro vya Unguja na kimya kirefu, haitafuti kusimulia kila ukurasa. Denge, yule mpigania uhuru, wa kwenye muvi kwangu amekuwa mpole kupita kiasi, nilimtaka mkali zaidi. Lakini Siti Amina, mwimbaji wa taarab, ndiye anayecheza Mwajuma, na kwa ajili yake peke yake ningelipa kiingilio mara ya pili.