Mtoto mwenye usonji akikataa kutoka nje, anza na mti mmoja

Mama mmoja ameniandikia. Alimpeleka mwanawe mwenye usonji ufukweni Jumapili, mtoto akaziba masikio na kulia mpaka wakarudi. Anauliza kama aachane kabisa na habari za kutoka nje.

Usiache, mama. Badilisha saa na mahali. Jumapili ufukweni kuna spika kila kona, moshi wa mishikaki na wageni wanaomshika mtoto kichwa. Nenda asubuhi, kati ya saa 1 na saa 3, siku ya kazi ikiwezekana. Chagua mwembe au mkungu ulio karibu na nyumbani, urudi pale pale kila mara, kwa njia ile ile. Mara ya kwanza dakika 10 zinatosha.

Kabla ya kutoka, mwonyeshe picha nne zilizopangwa: viatu, mti, maji, nyumbani. Hatua ikiisha, aigeuze picha mwenyewe. Kilio kikubwa huwa wakati wa kurudi, kwa sababu mchezo hukatwa ghafla. Mwambie zikibaki dakika 5, kisha 2, halafu mpe kazi ya kufungia: kuumwagia mti kopo la mwisho.

Kazi nzito huwatuliza wengi: kubeba ndoo yenye lita 2 za maji, kusukuma toroli, kuchimba. Asiyependa udongo mikononi mpe kijiko, usimlazimishe. Kwa kupanda, maharage yanafaa kuliko mchicha. Mbegu inashikika, unaifukia sentimita 3 tu, na huchomoza baada ya wiki moja hivi. Tumia maharage ya jikoni. Mbegu za dukani zenye rangi ya waridi zimepakwa dawa, na watoto wetu wengi hutia vitu mdomoni.

Wenye watoto wa ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kushindwa kumakinika, nao wasikate tamaa. Mwaka 2009 Faber Taylor na Kuo wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto 17: walimakinika zaidi baada ya kutembea dakika 20 bustanini kuliko mitaani. Ni watoto wachache, kwa hiyo dawa aliyoandika daktari iendelee.

Kagua ua wa nyumba kwanza. Utomvu wa mnyaa, ule mmea wa uzio, ukiingia machoni huunguza vibaya. Funika kisima na mapipa: watoto wenye usonji huvutwa sana na maji, na wengine huondoka kimya kimya. Mtu mzima mmoja awe na kazi ya kumwangalia tu, simu mfukoni. Kama mtoto hazungumzi, shonea namba yako ya simu ndani ya fulana yake.