Pesa za mama zilikuwa benki, sisi tukapitisha daftari la mchango

Mama alipopata kiharusi cha pili, watoto wanne tulipitisha daftari la mchango kwa ndugu na majirani pale Muheza. Pesa zake mwenyewe, kiinua mgongo cha ualimu, zilikuwa benki. Namba ya siri ya kadi ameisahau, mkono wa kulia haushiki kalamu. Baba, mumewe wa miaka 40, alikwenda kuuliza akajibiwa kwamba akaunti si yake.

Tukamwita wakili nyumbani aandike hati ya uwakilishi, dada mkubwa apate kumtolea mama pesa. Wakili akavuta kigoda karibu na kitanda, akamuuliza mama leo ni siku gani, ana mali gani, anataka nani amshikie. Mama akamtaja kaka yake, aliyezikwa zamani. Wakili akakunja karatasi zake. Mjomba akasema, "Si mumchovye dole gumba kwenye wino tu?" Wakili hakumjibu, akaenda kutafuta viatu vyake mlangoni. Siku ile nilimkasirikia sana. Sasa namshukuru, maana dole la mtu asiyejua anachokubali ni kesi, na katika ukoo hakosekani wa kuifungua.

Watu wakisikia maandalizi ya uzee huwaza wosia. Wosia haufanyi kazi mpaka mtu afe, na mama alikuwa hai. Tena kwetu Tanzania uwakilishi wenyewe hukoma kisheria mwenye mali akifariki au akipoteza akili timamu. Hati ile inamfaa mzazi aliyechoka miguu ila kichwa kipo, asiyetaka kupanga foleni ardhi au benki. Kichwa kikiondoka, njia ni mahakamani, kuomba kuteuliwa kusimamia mali yake. Tulikwenda. Kabla shauri halijaisha mama akatangulia, na pesa zikageuka mirathi: kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, msimamizi. Upya kabisa.

Ningeweza kurudi nyuma, ningempeleka mama na dada benki asubuhi moja wafungue akaunti ya pamoja, ambayo yeyote kati yao anaweza kutoa, na humo iwekwe akiba ya matibabu tu. Na tungemchagua dada mbele ya wote. Mtoto aliyeteuliwa kimyakimya huitwa mwizi hata akileta risiti.

Kwa baba hatukungoja. Wasia wake ameuandika akiwa mzima, kwa kufuata dini yetu ya Kiislamu: hauvuki theluthi ya mali, na mrithi haachiwi kitu kwa wasia isipokuwa wenzake waridhie. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandaa wosia na kuuhifadhi, na mwenyewe anaweza kuubadilisha wakati wowote.

Kigumu kilikuwa kumuuliza kuhusu kuugua kwenyewe. Dada alisema tunamchuria. Baba akacheka, akaomba kahawa, akaongea mpaka Magharibi. Hataki shamba la machungwa liuzwe kumpeleka nje ya nchi. Maumivu yakizidi atulizwe, hapo hapo nyumbani. Nikamweleza habari ya tiba shufaa, matunzo ya kumtuliza mgonjwa maumivu, na kwamba pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, wagonjwa hupewa mofini ya maji ya kunywa, dawa ya maumivu makali. Alidhani ni dawa ya kuua. Ilibidi nimweleze mara mbili.

Nikayaandika maneno yake, akasaini yeye, tukasaini wanne sote. Nakala moja ninayo. Nyingine kaiweka kwenye sanduku la bati, na safari hii kila mtoto anajua ufunguo ulipo.