Jibu: Gee Bee na Glamorous Glennis, modeli au jina la utani?

Mkuu, umeuliza kama Gee Bee na Glamorous Glennis, majina ya ndege za zamani za Marekani, ni modeli. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Gee Bee ni herufi za kwanza za Granville Brothers, ndugu waliounda ndege hizo Springfield, Massachusetts. Modeli ni R-1, ile fupi nene kama pipa ambayo rubani Jimmy Doolittle alishinda nayo mbio za ndege za Thompson Trophy mwaka 1932.

Glamorous Glennis ni maandishi ya puani kwenye ndege moja tu, Bell X-1 (ndege ya majaribio ya roketi) namba 46-062. Rubani wake, Chuck Yeager, aliipa jina la mkewe, akapita nayo kasi ya sauti tarehe 14 Oktoba 1947. Kuziita X-1 zote hivyo ni kosa. Ukikuta XS-1 kwenye maandiko ya zamani, ni modeli hiyohiyo ya X-1. S ilidondoshwa baadaye.

Kwa majina, VariEze, ndege ndogo ya kujijengea iliyobuniwa na Burt Rutan, ndiyo tamu zaidi: itamke kwa sauti, utasikia "rahisi sana" kwa Kiingereza.

Na neno EXPERIMENTAL (ya majaribio) karibu na mlango wa ndege si jina. Ni sharti la sheria Marekani, herufi za inchi 2 hadi 6.