Fundi Anajibu: Mvuke hautaki presha, unataka njia

SWALI: Asalaam aleikum, mzee fundi. Mwanangu yuko Waltham, karibu na Boston, kule walikojaa Waganda wenzetu. Amenunua nyumba ya zamani yenye boila ya mvuke inayochoma mafuta. Sebuleni joto linazidi hadi wanafungua dirisha, chumba cha watoto mwisho wa nyumba ni baridi, na usiku mabomba yanagonga utadhani wezi wameingia. Mafuta yanamla pesa zote. Fundi wa huko kamwambia aongeze presha ili mvuke ufike mbali. Wewe uliyezeekea kwenye boila unasemaje? Na je, mtambo kama huo unaweza kufungwa kwenye gesti ya mdogo wangu Kabale?
Mama wa watano, Bombo

JIBU: Aleikum salaam, mama. Presha asiiguse, na kama ameshaiongeza airudishe chini leo hii.

Mimi nilikuwa mpika mvuke kwenye kiwanda cha chai upande wa Bushenyi, kuni za mikalitusi, geji ikisoma bar kumi. Kiwandani presha ina kazi yake. Boila ya nyumbani inatakiwa iwake geji ikishuka kwenye nusu psi (bar moja ni kama psi 14 na nusu) na izime ikifika kama moja na nusu. Tairi la gari dogo hujazwa psi 30 na ushee, kwa hiyo ona udogo wake. Maji yakigeuka mvuke hutanuka kama mara 1,700, na huko kutanuka ndiko kunakousukuma hadi chumba cha mwisho. Ukiongeza presha unaubana, unakuwa mzito, unatembea polepole, na mafuta yanaendelea kuungua.

Kinachouzuia mvuke usifike kwa watoto ni hewa. Boila ikizima, mabomba na radieta, yale machuma ya kupasha joto vyumbani, hujaa hewa, na mvuke haupiti mpaka hewa hiyo itoke. Nyumba nyingi za zamani kule zina bomba moja kwa kila radieta, basi najibu kwa hesabu hiyo. Ubavuni mwa radieta, upande usio na bomba, kuna kidude cha chuma cha ukubwa wa kidole gumba. Boila ikiwaka utakisikia kinapumua, sss, halafu mvuke ukikifikia kinajifunga, kimya. Kisichopumua kimeziba. Boila ikiwa imezimwa na imepoa, akifungue, akipulize kwa mdomo. Hewa isipopita akichemshe kwenye siki au anunue kipya, bei yake si ya kutisha. Sebuleni aweke cha kutoa hewa polepole, kwa watoto cha haraka.

Kabla ya hapo ashuke chini kwenye boila, alifuate bomba kubwa hadi mwisho wake. Hapo napo panatakiwa pawe na kitoa hewa, kikubwa kuliko vile vya vyumbani. Mara nyingi mtu alikuta kinavuja akaziba tundu kwa kizibo, akaenda zake. Kikirudi hicho, mvuke unajaza bomba kuu kwanza, kisha unapanda vyumbani karibu kwa pamoja.

Kelele za usiku ni maji. Mvuke hupanda na maji hurudi kwa bomba lilelile. Maji yakituama mahali, mvuke unayabeba na kuyapiga kwenye kona. Achukue pima maji, aweke juu ya radieta: iinamie upande wa vali, pale bomba linapoingia. Isipoinama, vibao vyembamba chini ya miguu ya upande wa pili vinatosha. Na vali ya chini iwe wazi kabisa au ifungwe kabisa. Naweza kuapa kuwa ile ya sebuleni ameifunga nusu ili kupunguza joto! Maji hayashuki hapo.

Mabomba ya kule chini yavalishwe sufi ya nyuzi za kioo, unene wa inchi moja, la sivyo anapasha joto panya. Ila akikuta yamefungwa kitu cheupe cha zamani kama plasta, asikikwaruze wala kukifagia. Huenda ni asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, na hiyo ina wataalamu wake.

Maji yakirukaruka kwenye kioo cha kuonyesha kiwango chake, ndani ya boila mna mafuta mafuta yanayotakiwa kuenguliwa juu ya maji taratibu. Kifaa cha kuzima boila maji yakipungua, kama ni cha boya, amwage maji yake kila wiki mpaka yatoke safi. Hili hata akisahau mengine yote, asilisahau.

Kuhusu Kabale, mwambie mdogo wako aachane nalo. Baridi yao ni ya usiku na asubuhi, mchana jua linawaka. Mtambo huu ulibuniwa kwa miezi ya theluji. Azibe nyufa za milango na madirisha, aweke tangi la kupasha maji kwa jua juu ya paa, na blanketi la pili kwa kila kitanda.