Maneno ya Kuwavutia Wanunuzi

SWALI: Ninauza kanzu na vikoi Mji wa Kale, Mombasa. Tovuti yangu nimeijaza neno "nguo", lakini kwenye Google haionekani. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, neno "nguo" ni pana mno, nawe utaligombania na maduka ya dunia nzima. Afadhali "kanzu za harusi Mombasa", kwani wanaoandika hivyo, ijapokuwa ni wachache, wameshaamua wanachotaka kununua. Anza kuandika "kanzu" kwenye Google uone maneno inayokupendekezea kumalizia, kisha fungua Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti ambayo ni ya bure, usome maneno yaliyowafikisha watu kwako. Orodha ya maneno iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa iache. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.